Viti Vyenye Jina Mgongoni

Marahaba, wajukuu. Salamu zenu nimezipokea na ombi lenu nimelisikia. Mnataka Bi Somoe wa Viti awasimulie kazi yake, kwa sababu wawili kati yenu mnataka kugombea uongozi, na mmeambiwa mimi nimehudumia kampeni nyingi tangu hamjazaliwa. Sawa. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute humu maneno ya maofisini kule Posta. Nitaandika ninavyosema. Na sitafuata miaka, maana miaka yangu imekaa kichwani kama viti vilivyopandanishwa vibaya: ukivuta kimoja vinakuja vitatu.

Kazi yangu ilikuwa kukodisha viti na maturubai. Kariakoo, Ilala, mpaka Mchafukoge kwenye maghorofa, ambako hakuna pa kuchimbia mlingoti na unafunga kamba kwenye bomba la maji machafu huku ukimwomba Mungu. Nilikuja mjini kutoka Lindi nikiwa mke wa hamali. Mume wangu alibeba magunia sokoni mpaka mgongo ukamgomea. Jirani yetu Bi Tausi, mjane mkali kuliko mimi, alikuwa na masinia, mikeka na mabenchi ya kukodisha. Akanichukua nimwoshee masinia. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa ukoko wa pilau, na aliuhesabu.

Bi Tausi ndiye aliyenifundisha kila kitu, mpaka nikapata viti vyangu mwenyewe. Turubai halikunjwi likiwa bichi, litanuka mpaka harusi ya mwaka ujao. Kamba ya kwanza inafungwa upande linapotoka jua la alasiri, maana watu huvumilia njaa lakini hawavumilii jua la usoni. Usifunge kamba kwenye dirisha la mtu ambaye hujamwamkia. Atasubiri shughuli ichanganye ndipo aikate. Kiti chako kitie alama chini ya makalio, si mgongoni, kwa sababu mwizi hutazama mgongoni. Mimi nilikuwa nachoma vitundu vitatu kwa msumari wa moto. Kuna muuza supu mmoja wa Ilala aliyebishana nami mchana kutwa kwamba viti ni vyake, amevinunua. Nikamwomba asimame. Akasimama. Nikakigeuza kiti. Akaniuliza kama nitakunywa supu.

Jingine nililojifunza ni la watu wazito. Kiti cha plastiki kina heshima yake na mwisho wake. Mtu wa mwili mkubwa anapandanishiwa viti viwili, na anayepanga anafanya kimya kimya, mapema, ili mgeni asione aibu. Hiyo ilikuwa huruma. Baadaye ikageuka cheo. Siku hizi mheshimiwa hata akiwa mwembamba kama ufito anapangiwa viwili. Mkiona vijana wanapandanisha viti kabla mtu hajashuka kwenye gari, msisubiri kura zihesabiwe. Mtaa umeshaamua.

Lakini la kushika ni hili. Bi Tausi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuivunja hata siku alipokuwa hana unga ndani: harusi ni biashara, msiba si biashara. Harusini tulidai kabla turubai halijasimama, maana bwana harusi akishaoa hana masikio. Msibani tulipeleka viti kabla ya kuambiwa. Wenye msiba wakiwa na chochote walitoa wakipenda, baada ya arobaini. Wakiwa hawana, basi. "Mtu akifiwa," alikuwa akisema, "usimfanye ashukuru. Kushukuru ni kazi, na yeye ana kazi nyingine." Nimeishi na maneno hayo miaka yote. Yashikeni, mtayaona mbele.

Sasa kampeni.

Zamani mambo yalikuwa wazi, hata ubaya ulikuwa wazi. Mgombea alikodi viti mpaka vikaisha, akachinja ng'ombe, akagawa kanga, na kitu hicho kiliitwa takrima na sheria yenyewe ilikuwa inakitambua. Mgeni kakirimu wenyeji, imekwisha. Mimi nilipata kazi, sitasema uongo. Baadaye takrima ikakatazwa. Kisha ikaja sheria ya gharama za uchaguzi. Nilivyoelewa mimi, mgombea anawekewa kiwango, asikivuke, na aseme fedha zimetoka wapi na zimeenda wapi. Hata anachopewa na rafiki kinahesabiwa humo.

Nilifurahi. Msinicheke. Nilijua biashara itapungua, lakini nikasema afadhali, sasa muuza vifungo na mwenye makontena watapanda jukwaa la kimo kimoja.

Biashara haikupungua. Ilibadilika jina. Mgombea ambaye angekodi viti elfu na kuviita kampeni, sasa alikodi hamsini na kuviita kampeni. Vilivyobaki vikaitwa maulidi, kikao cha kikoba, kumtoa mwali, kuaga anayekwenda Hija. Sheria ilipiga marufuku pilau la kampeni. Haikupiga marufuku pilau.

Siku moja walikuja kwangu vijana wawili, wananukia vizuri, wanataka maturubai matatu na viti vyote nilivyonavyo kwa Jumamosi. Nikauliza shughuli gani. Hitma, wakasema. Nikawapa pole, nikawauliza marehemu ni nani.

Wakatazamana.

"Bi mkubwa, wewe funga turubai tu," akasema mrefu.

"Nauliza ili nijue kupanga. Kama ni mwanamke, upande wa kina mama ndio utajaa."

Akajikuna shingo. Akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama viatu. "Kwani," akasema taratibu, kama anayemwelewesha mtoto, "ni lazima awe amekufa mtu?"

Nikawaambia warudi akishakufa. Hawakurudi, walikwenda kwa mwingine. Jumamosi ile watu wakala, wakaombea marehemu wote wa mtaa kwa jumla, na jirani yangu aliporudi ameshiba aliniambia nina roho mbaya, nimemkatalia marehemu viti. Nikamuuliza marehemu yupi. Akasema, "Si wale wote."

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa. Walikuwa wamegundua mlango ambao hakuna sheria itakayoweza kuufunga. Nani atasimama msibani aseme hiki chakula ni cha kampeni? Atapigwa na watu wakiwa na kanzu zao mwilini.

Mwenye mlango huo mtaani kwetu alikuwa mtu tuliyemwita Bosi wa Mapazia. Ana maduka ya jumla ya mapazia, mwili mkubwa, sauti ndogo, mpole kabisa. Nataka mjue kwamba alikuwa mpole. Mkimsubiri mbaya mwenye mapembe mtapitwa. Bosi alikuwa anazika. Ukifiwa, simu yake inafika kabla ya ndugu zako wa Temeke. Sanda, gari, mchele, maji ya chupa. Alianza kuzika mapema sana, uchaguzi ukiwa mbali, na kila aliyezikiwa akawa na deni la kimya. Halafu akanunua maturubai yake mwenyewe, ya buluu, na viti vyeupe vipya, jina lake limeandikwa mgongoni kwa rangi nyekundu. Ukikaa safu ya pili unasoma jina lake. Safu ya tatu pia. Msiba mzima unasoma.

Ukitaka kujua mkutano wa kweli na wa kununuliwa, wajukuu, tazama viti baada ya watu kuondoka. Watu waliokuja kwa hiari yao huvuta viti, wakavigeuza, wakaacha viduara vidogo vidogo walipokuwa wanabishana. Walioitiwa bahasha huacha safu zimenyooka kama walivyozikuta. Mikutano ya Bosi, alipokuwa bado anakodi kwangu, ilikuwa raha kwangu kukusanya, safu zimenyooka. Mikutano ya Salma ilinitesa mgongo.

Salma ni mtoto wa rafiki yangu Bi Nuru. Tuliishi nyumba moja ya vyumba sita, Bi Nuru chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na Salma alikuwa akiniita mama mdogo tangu hajajua kufunga kanga. Alikuwa na kibanda cha vifungo na zipu Kariakoo. Mafundi cherehani walimpenda kwa sababu hakuwahi kumuuzia mtu zipu mbovu. Akataka udiwani, uleule aliokuwa anautaka Bosi, kwa ajili ya kitu kimoja tu: mtaro.

Mnaujua mtaro huo. Ule unaopita nyuma ya nyumba zetu, umeziba tangu nina meno yote. Kila masika unatapika ndani. Kitanda cha Bi Nuru kilipandishwa juu ya matofali, kila mguu matofali matatu, na yule mama mwenye presha alikuwa akipanda kulala kama anayepanda lori. Salma alisema, sitaki mama yangu na mama wa mtu mwingine walale juu ya kinyesi. Hotuba yake yote ilikuwa hiyo. Alipitishwa na chama chake kwa sababu mwaka ule wakubwa wawili waligombana, akapenya katikati.

Akaja kwangu kuhusu viti. Nikamwambia chukua vyote, bure.

"Bei yake ni ipi, mama mdogo?"

"Nimekwambia bure."

"Bure ina bei yake. Sheria inasema nikipewa, nihesabu kama nimenunua. Nikichukua vyote, kiwango changu chote nimekikalia."

Nikamwambia Bosi haandiki hata mchele. Akasema Bosi si mama yake. Akachukua viti vichache vya wazee na wajawazito, wengine wakasimama juani. Watu walilalamika, wakasema kampeni gani hii ya kusimama kama tunasubiri maiti hospitali. Lakini walisimama. Hilo nilikuwa naliona kwa macho yangu: walisimama, wakauliza maswali, wakarudi mkutano wa pili, na vile viti vichache nikavikuta kila siku vimezungushwa vibaya, vimegeuzwa, kimoja nilikikuta juu ya kaburi la paka. Jirani yangu yule aliyeshiba hitma isiyo na maiti alianza kusema, "Huyu binti tumpe." Nikaanza kuamini. Ni kosa langu la mwisho katika kazi.

Kampeni zikiwa zimepamba moto, Bi Nuru akafa. Presha, asubuhi, akiwa anashuka kwenye matofali yake.

Nilifunga turubai mwenyewe. Nilifunga kamba ya kwanza upande wa jua la alasiri. Tukamzika siku hiyohiyo, watu wengi, viti vyangu vyote nje na wanawake ndani kwenye mikeka. Tangu saa ile niliona vijana wamesimama ukutani wameinua simu. Si wa picha za msiba. Walikuwa wanapiga picha za viti.

Salma aliwaona pia. Kesho yake akaenda kuuliza kwa wanaosimamia mambo ya gharama. Aliniambia alijibiwa vizuri tu, kwa adabu: msiba ni msiba, dada, pole sana, lakini wewe ni mgombea na wanaokula ni wapiga kura, mtu akiweka malalamiko yatasikilizwa, na kusikilizwa kunachukua siku. Ukipika utakuwa na la kueleza. Usipopika hutakuwa na la kueleza. Uamuzi ni wako.

Akarudi, akatuita chumbani mimi na mjomba wake, Mzee Selemani, ndugu pekee wa Bi Nuru aliyebaki. Akasema siku ya tatu hitma itasomwa, kahawa na tende zitakuwepo, pilau halitakuwepo.

Mzee Selemani alivua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Mama yako hakuwa mgombea."

"Najua, mjomba."

"Dada yangu amepika kwenye misiba ya mtaa huu miaka hamsini. Hakuna sufuria mtaani lisilojua mkono wake. Leo yeye ndiye wa kuondoka na tende?"

"Nikipika, kila punje wataiita kura. Watanitoa kabla ya siku ya kura, na mtaro utabaki kwa Bosi. Mama alikufa kwa sababu ya yale matofali. Mnataka nimpikie wali au nimtolee matofali?"

Mzee Selemani akanigeukia mimi. Nami nikamwambia Salma neno ambalo mpaka leo naliona sawa. Nikamwambia, "Pika, mwanangu. Uchaguzi utarudi. Mama hafi mara mbili."

Hakupika.

Msimhukumu haraka, wala msimsifu haraka. Alifuata sheria mpaka mahali ambapo sheria yenyewe haikuwa imemwomba afike, kwa sababu alijua wenye simu watamfikisha hapo wenyewe. Mtu mwenye mali angepika, akashitakiwa, akaweka wakili. Salma alikuwa na zipu.

Mtaani habari zikatembea. Salma kamzika mama yake kavu. Salma anabana hela hata kwa maiti. Akifika kwenye udiwani atatubana na sisi. Na waliosema hivyo wengine walikuwa walewale waliosimama juani kumsikiliza. Hawakununuliwa, nataka muelewe. Walikasirika kwa dhati. Walimpenda Bi Nuru.

Siku ya tatu, watu wamejaa, kisomo kimeanza, likaingia gari dogo la mizigo. Turubai la buluu. Viti vyeupe. Masufuria matano ya pilau yamefungwa kwa vitambaa, harufu ikawatangulia. Bosi mwenyewe akashuka, kanzu na kofia, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Selemani, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mzee wangu, mfiwa hapiki. Sisi majirani ndio tunapika. Naomba utupokelee."

Mtamjibu nini? Nawauliza nyinyi wasomi. Ni kweli mfiwa hapiki. Ndiyo mila, tena ndiyo dini, majirani wa mfiwa ndio wanaopaswa kumlisha. Chakula cha msiba hakirudishwi. Hakusema neno la kura. Hakuvaa rangi ya chama. Ukimpeleka popote duniani, utasema kosa lake nini, kwamba amemlisha mfiwa? Wala wale vijana wa simu hawakuinua simu siku hiyo. Mimi niliwatazama. Walikuwa wanateremsha masufuria.

Mzee Selemani alilia. Akasema, "Mungu akulipe."

Vijana wangu wa kazi, wale waliokuwa wakinisaidia kufunga kamba, wakakimbia kupokea wageni. Na mmoja wao, hajaambiwa na mtu, akachukua viti viwili, akavipandanisha, akaviweka mbele kabisa karibu na jamvi la kisomo. Bosi akakaa. Vilikuwa viti vyangu. Vyenye vitundu vitatu.

Hapo nikajua. Nikaingia ndani.

Ndani wanawake wamekaa mikekani, Salma katikati, kichwa kimefunikwa. Sinia likaletwa, likawekwa mbele yake. Wali unatoa moshi, nyama imepangwa juu. Hakuna aliyenawa. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Asipokula, amekataa chakula cha hitma ya mama yake mbele ya mtaa mzima. Akila, amekula.

Akanitazama mimi. Nikaketi mkekani karibu yake.

Akanawa. Akasema bismillahi. Akanyoosha mkono, akachukua tonge dogo, akatafuna muda mrefu. Wanawake wakashusha pumzi, wakaanza kula, na mmoja upande wa mlango akasema kwa sauti ya kuridhika, "Huyu baba ana utu jamani."

Matokeo mnayajua. Salma hakushindwa kwa kura chache, ambazo mtu angeweza kujidanganya nazo. Alishindwa sana. Na nitawapa jambo la kuchekesha, kama bado mnaweza kucheka: mahesabu ya gharama yalipopelekwa, Salma aliniambia mwenyewe, yake yalikuwa makubwa kuliko ya Bosi. Yeye aliandika kila kiti, kila kikombe cha kahawa, hata maji aliyopewa na fundi cherehani. Bosi aliandika mkutano wake mmoja na viti vyake hamsini. Kwa mujibu wa hesabu, mgombea wa mifedha kwenye kata yetu alikuwa yule muuza zipu.

Kile kiwango, nilidhani ni ukuta wa kumzuia tajiri. Kumbe ni dari, na dari humgonga anayesimama wima.

Mtaro uko vilevile. Masika yaliyofuata ulitapika mpaka chumbani kwangu, nikapandisha kitanda changu kwenye matofali ya Bi Nuru, yaleyale, Salma alinipa. Diwani alikuja kutupa pole. Alileta magodoro. Watu walishukuru.

Kazi yangu ilikufa bila msiba. Bosi aliukabidhi mtaa viti na maturubai yake, yakae ofisi ya serikali ya mtaa, yatumike bure kwenye kila msiba. Nani atakodi kwangu? Na msibani sikuwa nikidai, kwa hiyo hata wivu siwezi kusema ulikuwa wa biashara. Ila ile sheria ya Bi Tausi, usimfanye mfiwa ashukuru, ilikuwa imegeuzwa ndani nje kama shati. Sasa mfiwa anafunga safari mpaka ofisini, anaomba, anapewa, anashukuru, anapeleka salamu kwa mheshimiwa. Amefiwa na ana kazi.

Viti vyangu viliuzwa kwa wanunuzi wa plastiki. Havikuhesabiwa, vilipimwa kwa kilo. Nilisimama hapo mlangoni nikaona vitundu vitatu, vitundu vitatu, vitundu vitatu, vinatupwa kwenye mkokoteni.

Nyinyi wawili mnaotaka kugombea mmeniuliza mbinu. Sina. Watu watawaambia kiwango kiongezwe, wengine kipunguzwe, wengine wasimamizi wawe wakali zaidi. Labda. Mimi nina swali moja tu, na msinijibu leo. Siku mama yenu atakapokufa katikati ya kampeni, mtapika au hamtapiki? Fikirini mpaka mwisho, kila upande. Mimi nimefikiri, na pande zote mbili nimemkuta Bosi amekaa.

Nilimuuliza Salma kama atajaribu tena, maana uchaguzi unarudi, nilimwambia mwenyewe utarudi. Alikuwa anapanga zipu kwa rangi. Hakuinua kichwa. "Mama mdogo," akasema, "mimi sina mama mwingine wa kuzika."

Nimewaagiza wanangu: nikifa, sitaki kusomewa hitma huku watu wanasoma jina la mtu mgongoni kwa mwenzao. Tandikeni mikeka, wanaume wakae chini kama walivyokaa baba zao. Mjukuu wangu Hadija, mwenye akili kuliko wote, akanijibu kwa upole kabisa, "Bibi, mikeka ya kuenea watu wote tutaitoa wapi siku hizi? Viti si vipo ofisini, bure."

Kwa hiyo nasuka. Miyaa ya kusukia inaletwa na mtu wa Lindi, Salma anakuja Ijumaa baada ya swala ananichambulia, maana macho yangu hayatenganishi tena. Hatuongei sana. Mkeka wa kwanza haujafika hata upana wa mlango, na vidole vinauma, na watakaokuja kunizika ni wengi.

Najua hautaenea.